Kushindwa Vitani na Kuzaliwa kwa Udikteta: Utawala wa Wanazi na Kivuli Chake Afrika Mashariki

Historia ya udikteta wa Kijerumani, yaani utawala wa Adolf Hitler na chama chake cha Wanazi kati ya mwaka 1933 na 1945, kwa kawaida hufundishwa kama habari ya Ulaya ambayo ilizifikia nchi za Afrika Mashariki tu pale vijana wa nchi hizo walipoitwa kwenda kupigana. Mtazamo huo haujakamilika. Misikhu, magharibi mwa Kenya, iliyo kando ya barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, iko karibu na sehemu tatu ambazo kila moja ina neno lake la kusema juu ya mkasa huo: kusini iko Chetambe, ambako Wabukusu walishindwa vita mwaka 1895, kaskazini ziko nyanda za Trans Nzoia, zilizogawiwa wanajeshi Waingereza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na mashariki uko Uasin Gishu, uwanda ambao Serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa miaka 30 kabla Hitler hajashika madaraka. Ukitazamwa kutoka hapo, udikteta wa Ujerumani hauonekani kuwa zao la kushindwa vitani peke yake, bali ni zao la uongo uliosemwa juu ya kushindwa huko, la wakubwa waliodhani wangeweza kuutumia uongo huo kwa faida yao, na la sheria za rangi ambazo zilikwisha kujaribiwa katika ardhi ya Afrika.

Vita vyenyewe viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini uamuzi wa kuomba mapigano yasitishwe ulikuwa umefanywa mwishoni mwa Septemba na majenerali wa Ujerumani, akiwemo Erich Ludendorff, walipotambua kwamba jeshi lao halikuwa na nguvu ya kuendelea. Majenerali hao hawakujitokeza kutia sahihi. Kazi hiyo waliachiwa raia wakiongozwa na mbunge Matthias Erzberger, ambaye aliuawa na wazalendo wenye siasa kali mwezi Agosti 1921. Kwa njia hiyo waliosababisha kushindwa walijiondoa lawamani, na waliorithi msiba wakaitwa wasaliti. Pakaenea hadithi kwamba jeshi la Ujerumani halikushindwa katika uwanja wa mapambano, bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa wa mrengo wa kushoto pamoja na Wayahudi. Hadithi hiyo haikuwa na ushahidi, lakini ilikuwa na wasikilizaji wengi, kwa sababu Wajerumani wa kawaida walikuwa wameambiwa hadi wiki za mwisho kwamba ushindi ulikuwa karibu.

Afrika Mashariki iliipatia hadithi hiyo kielelezo chake kipenzi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya koloni la Kijerumani, alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusitishwa Ulaya. Mwezi Machi 1919 alipita na maofisa wake chini ya Lango la Brandenburg mjini Berlin akishangiliwa kama kamanda asiyeshindwa, na mwaka 1920 alitoa kitabu cha vijana, Heia Safari!, kilichokuza sifa hiyo. Kilichosahaulika katika shangwe hizo ni gharama iliyolipwa na wenyeji: wapagazi wa pande zote mbili waliokufa kwa maelfu mengi kutokana na njaa, kuhara na kuchoka, vijiji vya Tanganyika vilivyonyang'anywa nafaka, na vijana waliokusanywa kutoka Nyanza na Bungoma kwenda kubeba mizigo ya Waingereza bila kurudi. Mwaka uleule wa 1920 Lettow-Vorbeck aliunga mkono jaribio la Kapp, yaani mapinduzi ya wanajeshi waliotaka kuing'oa serikali mpya ya jamhuri, nayo yakashindwa.

Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, uliipunguzia Ujerumani karibu asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya, ukaweka kikomo cha wanajeshi 100,000, ukaitwika dhima ya kuanzisha vita, na ukaipokonya Tanganyika pamoja na makoloni mengine yote. Tanganyika ikawa nchi ya udhamini, maana yake ni nchi inayotawalwa na dola fulani kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na mdhamini akawa Uingereza. Mwaka 1921 fidia ya vita, yaani malipo ambayo mshindwa hutozwa kwa hasara aliyoisababisha, ilipangwa kuwa marki bilioni 132 za dhahabu. Ufaransa na Ubelgiji zilipoliteka bonde la Ruhr mnamo Januari 1923 ili kudai malipo hayo kwa nguvu, serikali ilichapisha noti bila kipimo, na kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa zaidi ya marki trilioni nne. Akiba za watu wa tabaka la kati, wakiwemo walimu, watumishi wa umma na wajane wa pensheni, ziliyeyuka katika muda wa miezi michache.

Hata hivyo, mwaka huo wa dhiki kubwa haukumpa Hitler madaraka. Jaribio lake la kupindua serikali mjini Munich, tarehe 8 na 9 Novemba 1923, lilizimwa kwa risasi za polisi, naye akafungwa kwa muda mfupi. Uchumi ulipopata nafuu kuanzia mwaka 1924, wapiga kura walimwacha. Katika uchaguzi wa Mei 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Kilichoubadili mkondo ni mdororo mkuu wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, ambao ulifikisha idadi ya wasio na kazi Ujerumani watu milioni 6 mapema mwaka 1932. Kura za Wanazi zilipanda hadi asilimia 18.3 mnamo Septemba 1930 na asilimia 37.3 mnamo Julai 1932, kisha zikashuka hadi asilimia 33.1 mnamo Novemba mwaka huohuo. Takwimu hizo zinakanusha dhana mbili zilizozoeleka: ya kwanza, kwamba Wajerumani wote walimfuata Hitler mara tu baada ya kushindwa; ya pili, kwamba alichaguliwa na wengi wao katika uchaguzi huru.

Ukweli ni kwamba alikabidhiwa nchi wakati nguvu yake kwenye sanduku la kura ilikuwa imeanza kupungua. Rais Paul von Hindenburg, mkuu wa zamani wa majeshi aliyeieneza yeye mwenyewe hadithi ya kisu cha mgongoni, alikuwa amezoea kutawala kwa kifungu cha 48 cha katiba, kilichomruhusu rais kutoa amri za dharura bila idhini ya bunge. Wahafidhina waliomzunguka, hasa Franz von Papen, walimshawishi kwamba Hitler akiwa Chansela, yaani mkuu wa serikali, na akiwekewa mawaziri wengi wasio wa chama chake, angedhibitiwa kwa urahisi. Aliapishwa tarehe 30 Januari 1933. Jengo la bunge lilipoungua usiku wa tarehe 27 Februari, amri ya dharura ya siku iliyofuata ilifuta uhuru wa kusema, wa kukusanyika na wa kutokamatwa bila shtaka. Mwezi Machi ikafunguliwa Dachau, mojawapo ya kambi za mateso za mwanzo, yaani kambi ambako watu walizuiwa na kuteswa bila kufikishwa mahakamani. Na tarehe 23 Machi bunge, huku wabunge wa Kikomunisti wakiwa wamezuiwa wasiingie, lilipitisha kwa kura 444 dhidi ya 94 sheria iliyoipa serikali mamlaka ya kutunga sheria peke yake. Waliopinga wote walikuwa wa chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia. Ilipofika tarehe 14 Julai, nchi ilikuwa na chama kimoja tu kilichoruhusiwa kisheria.

Mateso ya kundi zima la watu yalifuata njia hiyohiyo ya hatua za kisheria, moja ikiizoesha jamii kuikubali inayofuata. Wayahudi wa Ujerumani, ambao mwaka 1933 walikuwa takribani 500,000 na hawakufika asilimia moja ya wananchi, walianza kwa kususiwa maduka yao tarehe 1 Aprili, kisha wakaondolewa katika utumishi wa umma kwa sheria ya tarehe 7 Aprili. Sheria za Nuremberg za tarehe 15 Septemba 1935 ziliwavua uraia kamili, zikapiga marufuku ndoa na mahusiano ya kimapenzi kati yao na wale walioitwa wenye damu ya Kijerumani. Mwezi Novemba serikali ikatamka kwamba marufuku hiyo iliwahusu pia watu weusi na Waroma, yaani Wajipsi. Mwaka 1937 takribani vijana 400 wa eneo la mto Rhine, ambao baba zao walikuwa wanajeshi wa makoloni ya Ufaransa waliolikalia eneo hilo baada ya vita, walifungwa uzazi kwa nguvu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kutozistaajabia sheria hizo kana kwamba zilizuka ghafla. Utawala wa Kijerumani ulikuwa umepiga marufuku ndoa za mchanganyiko Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo sasa ni Namibia, mwaka 1905, na Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906, wakati ambapo majeshi yake yalikuwa yakichoma mashamba na maghala ya kusini mwa Tanganyika katika kuzima Vita vya Majimaji. Mwanasayansi Eugen Fischer, aliyefika Rehoboth nchini Namibia mwaka 1908 kuwachunguza watu wa asili mchanganyiko ili kuonyesha eti madhara ya kuchanganya damu, ndiye aliyekuja kuongoza taasisi kuu ya anthropolojia mjini Berlin kuanzia mwaka 1927. Unazi uliongeza vitu viwili ambavyo ukoloni haukuwa umevifikisha Ulaya: uliitumia elimu hiyo ya uongo dhidi ya majirani wa Kizungu, na uliikabidhi kwa dola yenye viwanda, reli na ofisi za kuandikisha watu.

Maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, yanaunganisha pande zote za historia hii. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudani, akaingizwa jeshini pamoja na baba yake vita vilipoanza mwaka 1914 akiwa na umri wa miaka kumi, na akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin akidai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakuwa wamelipwa, na Wizara ya Mambo ya Nje ikamkatalia. Alibaki huko akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akapewa nafasi ndogo ndogo katika filamu, akamwoa Maria Schwandner mwezi Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajaapishwa. Aliomba nishani iliyotolewa kwa waliopigana vitani akanyimwa. Vita vipya vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini akakataliwa. Dola ileile iliyojivunia uaminifu wa askari wa Kiafrika, na ambayo katika filamu ya mwaka 1941 kuhusu Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, ilimtumia yeye mwenyewe kuutukuza ukoloni, ilimkamata mwaka huohuo kwa kosa lililoitwa fedheha ya rangi, yaani uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na bila kumfikisha mahakamani ikampeleka katika kambi ya Sachsenhausen, alikofariki tarehe 24 Novemba 1944.

Wakati huohuo Unazi ulikuwa na matawi yake jirani na Kenya. Wajerumani waliokuwa wamefukuzwa Tanganyika baada ya vita waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925, na kufikia mwaka 1939 walikuwa takribani 3,000, wengi wao wakilima kahawa na mkonge katika maeneo ya Usambara, Moshi, Oldeani na nyanda za Iringa. Chama cha Wanazi kiliunda matawi miongoni mwao, kikawahimiza kuamini kwamba koloni lingerudishwa, kwa kuwa kifungu cha tatu cha mpango wa chama hicho wa mwaka 1920 kilikuwa kinadai ardhi na makoloni. Madai hayo yaliwatisha walowezi wa Kiingereza kiasi cha kuunda mwaka 1938 umoja wa kupinga Tanganyika kurudishwa. Waafrika, ambao nchi ilikuwa yao, hawakuulizwa na upande wowote. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, wanaume wa Kijerumani walikusanywa na kuzuiliwa, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui.

Suala la wakimbizi ndilo linaloifikisha historia hii karibu zaidi na Misikhu. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa na kuporwa huko Kishinev katika himaya ya Urusi, Serikali ya Uingereza ilimpa kiongozi wa harakati za Kizayuni, Theodor Herzl, pendekezo la makazi ya Wayahudi katika uwanda wa Uasin Gishu. Pendekezo hilo likaja kuitwa mpango wa Uganda, kwa kuwa hadi mwaka 1902 sehemu hiyo, pamoja na nchi ya Wabukusu, ilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda. Mkutano wa Basel wa Agosti 1903 ulikubali kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma tume ya uchunguzi. Tume ikaufikia uwanda huo mapema mwaka 1905, ikatoa taarifa isiyotia moyo, na mpango ukakataliwa mwaka huohuo, huku walowezi wa Kizungu wa Kenya nao wakiwa wameupinga tangu mwanzo. Katika majadiliano yote hayo Wanandi na Wamasai, ambao walichunga huko, hawakuhesabiwa kuwa ni wenye kauli.

Haja ya kimbilio ilipokuwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote, mlango ulikuwa umebanwa. Katika mkutano wa Evian wa Julai 1938, uliojadili wakimbizi na kuhudhuriwa na mataifa 32, mjumbe wa Uingereza alitaja Kenya kuwa mahali ambapo idadi ndogo ya familia za wakimbizi ingeweza kupokewa, na maneno hayo yaliamsha malalamiko ya walowezi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba masinagogi ya Ujerumani yalichomwa, na wanaume wapatao 30,000 wa Kiyahudi wakapelekwa kambini. Walioweza kuonyesha kibali cha kuingia nchi nyingine waliachiliwa, kwa hiyo karatasi iliyopigwa muhuri Nairobi iliweza kuwa tofauti kati ya uhai na kifo. Waliofika Kenya walikuwa wachache. Miongoni mwao alikuwamo mtoto Stefanie Zweig, aliyekuja na wazazi wake mwaka 1938, baba yake mwanasheria akageuka msimamizi wa shamba, na Stefanie mwenyewe baadaye akaandika riwaya iliyotengenezwa filamu na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Alikuwamo pia msanifu majengo Ernst May, aliyeacha kazi kubwa Frankfurt na hatimaye akawa mmoja wa wasanifu mashuhuri wa Nairobi na Mombasa. Vita vilipoanza, wengi wa wanaume hao waliokimbia Unazi walizuiliwa pamoja na Wanazi wenyewe, kwa sababu pasipoti zao zilikuwa za Ujerumani.

Hali yao ilikuwa na kinaya kimoja kizito. Mkimbizi aliyevuliwa uraia kwao kwa kuwa eti hakuwa na damu inayostahili, alipofika Kenya alihesabiwa Mzungu, na kwa hiyo aliruhusiwa kuishi na kusimamia mashamba katika nyanda za juu ambako Mwafrika hakuweza kumiliki ardhi. Nyanda za Trans Nzoia zilikuwa zimegawiwa wanajeshi wastaafu wa Kiingereza kuanzia mwaka 1919, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na Wabukusu na Wasabaot wakabaki kuwa maskwota, yaani vibarua waliokaa shambani kwa ruhusa ya mlowezi na kwa sharti la kumfanyia kazi. Mwaka 1939, mwaka uleule ambao Uingereza iliingia vitani dhidi ya dola ya ubaguzi wa rangi, amri ya kifalme iliipa mipaka ya nyanda hizo za Wazungu nguvu kamili ya sheria. Hii haimaanishi kwamba utawala wa Kitale ulikuwa sawa na ule wa Berlin, kwa kuwa kunyima watu ardhi na kuwaua Wayahudi milioni sita si jambo moja. Inamaanisha kwamba kanuni ya kupima haki za mtu kwa damu yake ilikuwa inakubalika pande zote mbili, na ndiyo sababu dunia ilichelewa kushtuka.

Kumbukumbu ya Chetambe inasaidia kujibu swali la mwisho, nalo ni iwapo kila taifa linaloshindwa lazima lizae udikteta. Mwaka 1895 kikosi kilichoongozwa na C. W. Hobley, chenye askari wa Kisudani, wasaidizi kutoka jamii nyingine na bunduki za mzinga, kilivunja ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe, na wengi waliokuwa ndani waliuawa. Wabukusu hawakusema kwamba hawakushindwa. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, yaani dini iliyotaka kurudisha ibada za mababu, aliyekuwa amefungwa wakati wa vita kwa kukaidi amri za serikali, aliwakusanya watu kuwaombea waliofia Chetambe. Jibu la serikali lilikuwa la mabavu: tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi huko Malakisi na kuua watu 11, dini ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishiwa Lamu, asiachiliwe hadi ukoloni ulipokaribia kwisha. Karibu Wakenya 98,000 walikuwa wametumikia majeshi ya Uingereza dhidi ya Ujerumani, Italia na Japani, wakiwemo askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliofika hadi Burma, nao walirudi katika nchi ambayo amri ya dharura na kizuizi bila mashtaka vilikuwa bado ni zana halali za utawala.

Kwa hiyo hukumu ya historia inapaswa kutolewa kwa uangalifu. Kushindwa vitani kuliwaumiza Wajerumani, lakini hakukuwalazimisha kufuata njia waliyoifuata. Mwaka 1928 walikuwa wameshindwa kwa miaka kumi na bado waliwakataa Wanazi. Walioifungua njia ni majenerali waliokana matendo yao, wanasiasa waliomkabidhi madaraka mtu waliyedhani ni chombo chao, wabunge waliopiga kura ya kujiondolea kazi, na wasomi waliotoa cheti cha elimu kwa chuki ya rangi. Kila mmoja wa hao alikuwa na nafasi ya kukataa, na wabunge 94 walionyesha kwamba kukataa kuliwezekana. Wajibu wa raia wa nchi yoyote, Kenya ikiwemo, ni kuhoji mapema amri ya dharura isiyo na kikomo, kizuizi kisicho na shtaka, na siasa inayotafuta kabila au dini ya kubebeshwa msiba wa taifa, kwa sababu Ujerumani ilihitaji chini ya miezi sita tu, kutoka Januari hadi Julai 1933, kuvigeuza vitu hivyo vitatu kuwa udikteta kamili.